Mahindi ya Jirani Yangu

Kiwanda cha Athi River kilipotupunguza, wenzangu wengi walibaki mjini kutafuta kibarua kingine. Mimi nilirudi upande wa kwetu, Masinga. Nilinunua mashine ya kusaga, nikaongeza nyingine kuukuu ya kukoboa, nikakodi chumba cha mabati pale sokoni Kithyoko. Nilikuwa nimetengeneza mitambo ya watu wengine tangu ujana wangu, na nilidhani nikiwa na wangu mwenyewe riziki itakuja yenyewe. Haikuja. Mwaka wa kwanza nilikaa sana mlangoni kwenye kigoda, mashine imezimwa, nikiwatazama akina mama wakipita na mahindi yao kwenda kwa msagaji wa ng'ambo ya barabara.

Niliyepakana naye ukuta alikuwa mama mwenye stoo ya nafaka. Alikuwa amenizidi umri kidogo, mwili mkubwa, sauti ya kusikika hadi stendi. Aliuza mahindi, ndengu, kunde na mbaazi, kwa gorogoro kwa watu wa nyumbani na kwa gunia kwa shule. Hakunipenda hata kidogo. Vumbi la mashine yangu lilipenya kwenye mianya ya mabati likatua juu ya ndengu zake, na mteja akimuuliza asage wapi, alimwelekeza ng'ambo kwa kidole, mimi nikiwa hapo hapo namwona.

Siku moja soko likiwa limelala, nilichukua mabati ya akiba, misumari na magunia machakavu, nikaziba ule ukuta kutoka juu hadi chini. Kisha nikafunga bomba la kutoa vumbi upande wa nyuma. Alitoka stooni akasimama, mikono kiunoni, akanitazama nikimaliza.

"Fundi, nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Ni vumbi langu, mama."

Aliingia ndani kwangu bila kuomba ruhusa, akaizunguka ile mashine kuukuu. "Na hii?"

"Ya kukoboa muthokoi. Haijafanya kazi tangu nije. Nadhani watu bado wanatwanga kwa kinu."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Kinu? Wasichana wa siku hizi? Fundi, wewe umekaa Athi River sana."

Alinishika mkono akaniburuta, mimi mtu mzima, hadi kwenye hoteli moja kando ya barabara kuu. Mwenye hoteli alikuwa mama kijana, mwembamba, mchache wa maneno, aliyeachiwa watoto na mume aliyeenda asirudi. Aliwapikia madereva wa malori ya Garissa. Chakula chake kikuu kilikuwa muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa ganda yakachemshwa na maharagwe mpaka yakalainika, na mahindi hayo yaliyokobolewa alikuwa akiyafuata Matuu kila wiki.

"Sasa sikiliza," jirani yangu akamwambia. "Mahindi niko nayo. Huyu iko na mashine. Wewe iko na sufuria. Matuu unaenda kufanya nini?"

Ndivyo tulivyoanza. Yeye alitoa mahindi, mimi nikakoboa, mama wa hoteli akapika. Pumba tuliwauzia wafugaji wa kuku. Anayenunua nafaka stooni nilimsagia bila foleni. Dereva akimaliza kula, mama wa hoteli alimwambia asipeleke gari nyumbani tupu, apitie stooni achukue ndengu. Stima ikipotea, nilikwenda kukaa hotelini, na chai ililetwa bila mimi kuagiza. Kule kiwandani nilifanya kazi na mamia ya watu bila kujua watoto wao wanaitwaje. Hapa nilijua ni mtoto gani ana kikohozi na ni nani amefanya vibaya hesabu.

Mume wa mama wa stoo alikuwa kinyume chake kabisa. Mtu mpole, mrefu, mwenye kutembea kama anayeogopa kumkanyaga mtu. Yeye ndiye aliyebeba magunia na kuyapanga. Mota yangu ilipoungua, alinisaidia kuishusha na kuipandisha, na hakunyanyua kitu kingine siku hiyo kwa jinsi mgongo ulivyomuuma, lakini hakulalamika. Jumapili baada ya kanisa tulikaa sisi wanne nyuma ya hoteli tukipanga mambo. Tulitaka kutoa unga wa pakiti, unga wetu, uuzwe hadi Tala na Kangundo. Yeye alisikiliza tu, akitabasamu, akimtazama mkewe akiongea.

Kisha ukaja ule msimu ambao mvua ilinyesha vibaya. Ilikosekana wakati wa kupalilia, ikamwagika wakati wa kuvuna. Mahindi ya kwetu yaliyobaki yaliozea shambani. Stoo ya jirani yangu ikawa tupu, na shule zilikuwa zinamngojea. Alipopata habari ya mfanyabiashara aliyekuwa na lori zima la mahindi kutoka mbali, hakuuliza mengi. Aliweka kila alichokuwa nacho. Lori lilifika wakati wa adhuhuri likiwa limefunikwa turubai, na turubai lilipofunuliwa nikiwa mlangoni kwangu, niliona mvuke ukipanda kama kwenye sufuria.

Nilimwambia ayaanike. Aliyaanika, yeye na mumewe, uwanja mzima wa nyuma, lakini mawingu hayakuondoka wiki ile. Walikuwa wakiyaingiza na kuyatoa, kuyaingiza na kuyatoa. Mwishowe waliyapanga stooni.

Gunia la kwanza aliloniletea nilikoboe kwa ajili ya hoteli lilinuka mara nilipolifungua. Si harufu kali. Ilikuwa kama ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nilimimina kidogo kwenye ungo nikatoka nje kwenye mwanga. Punje nyingi zilikuwa nzuri, lakini nyingine zilikuwa na unga wa kijani karibu na ncha, mahali mmea unapochipukia. Niliposugua kwa kidole, ule unga ulitoka.

Watu wa Ukambani hawahitaji kuelezwa sumukuvu. Tumeshazika watu kwa sababu yake. Kila mmoja wetu ana nyumba anayoijua ambamo walikula chakula cha jioni pamoja na wakazikwa kwa kufuatana.

Nilifunga gunia, nikangoja wateja waishe, ndipo nikaenda kwake. Sikutaka kusema mbele za watu.

"Mama, haya mahindi hayafai."

"Hayafai namna gani?"

"Yameshika ukungu. Njoo uone."

Hakuja kuona. Alikuwa amekwisha kuona, nadhani, siku nyingi kabla yangu. "Ni machache," alisema. "Tutachagua. Mabovu tunatupa."

"Hii kitu haichaguliwi. Hata ile punje inaonekana nzuri inaweza kuwa nayo. Tupeleke kidogo mjini yapimwe."

"Na wakisema ni mbaya? Watakuja na gari wachome yote. Utanipa mengine wewe?" Alishusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Fundi, hapa nimeweka kila kitu. Hata kile kipande cha shamba la mume wangu. Saga tu. Ukisaga hakuna mtu ataona."

"Ndiyo sababu siwezi kusaga."

Tulimpigia simu yule mfanyabiashara, nikiwa nimesimama hapo. Iliita hadi ikakatika. Tukapiga tena, ikawa haipatikani, na haikupatikana tena siku zilizofuata.

Kesho yake mama wa hoteli alikuja kwangu akiwa na beseni tupu. Alikuwa anasubiri muthokoi wake. Alinitazama, akatazama lile gunia lililofungwa kando ya mashine.

"Mzee, sitaki maneno mengi. Nipike ama nisipike?"

Nilifikiri juu ya madereva wale, na watoto wake waliokula kwenye sufuria ile ile.

"Usipike."

Aliinama akachukua beseni lake. Kabla hajatoka alisema, "Atasema tumemgeuka." Kisha akaenda stendi kutafuta gari la Matuu.

Jambo hilo sikumtangazia mtu, wala mama wa hoteli hakulitangaza. Lakini soko lina macho. Watu waliona mama wa hoteli akishuka na mzigo kutoka Matuu. Waliona mashine ya kukoboa imenyamaza. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua mahindi ya shule alinusa, akasema atarudi, hakurudi. Msagaji wa ng'ambo naye alikataa kuyasaga. Kwa muda mfupi tu ikawa hakuna anayenunua hata ndengu kwenye stoo ile, ijapokuwa ndengu hazikuwa na neno.

Siku ya soko, watu wakiwa wamejaa, jirani yangu alikuja mlangoni kwangu na sahani. Ilikuwa muthokoi alioutwanga mwenyewe kwa kinu, moto, umewekwa mboga juu. Mumewe alikuwa nyuma yake, hatua chache, akitazama chini.

"Fundi!" aliita ile sauti yake ya stendi. Watu waligeuka. "Si ulisema mahindi yangu inaua? Tazama."

Alikula amesimama. Alikula kijiko baada ya kijiko, akitafuna taratibu, macho yake hayakubanduka usoni pangu. Nusu sahani ilipobaki alimpa mumewe.

"Kula, baba. Waone."

Nilimwambia yule mwanamume, "Ndugu yangu, usile." Nilimwambia kwa Kikamba, ili nisikike kama mtu wa nyumbani. Aliniangalia kwa namna ambayo sijaweza kuieleza vizuri hata leo. Hakuwa na hasira nami. Alikuwa mtu anayesimama na mkewe mbele za watu, basi. Alikula akamaliza, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akamshukuru.

Sahani moja pengine isingefanya kitu. Lakini nilikuja kujua kwamba tangu wateja walipokatika, nyumbani kwao hakukupikwa kingine. Hawakuwa na namna ya kununua chakula kingine, na magunia yalikuwa pale. Yeye mwenyewe, mama, alikula kidogo, kwa kuwa wasiwasi ulikuwa umemwondolea hamu. Mumewe ndiye aliyekula, asubuhi na jioni, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kutomaliza siku akiwa ameacha chakula kwenye sahani. Binti yao wa mwisho alikuwa shule ya bweni, na hilo ndilo lililomwokoa.

Mara ya kwanza niliona mabadiliko alipokuwa akifagia mbele ya stoo. Alisimama akashika nguzo. Nilimsogelea kumjulia hali, na alipoinua uso niliona weupe wa macho yake umekuwa njano, rangi ya mbegu ya embe.

"Ni malaria," alisema. "Nimekunywa dawa."

"Twende hospitali sasa hivi. Nafunga mashine."

"Mwachie mke wangu, ataamua."

Mkewe aliniambia niiache familia yake. Alisema nilitaka kumpeleka hospitali ili daktari aandike jina la ugonjwa. Mama wa hoteli ndiye aliyemweza. Aliacha sufuria zikichemka, akavuka akaingia stooni, akafunga mlango, na hakuna aliyesikia walichoongea. Walipotoka, jirani yangu alikuwa amejifunga leso na kubeba blanketi. Tulimpakia mumewe kwenye pikapu ya mwuza maji. Tumbo lilikuwa limevimba, na njiani alitapika mara nyingi. Mkewe alimshika kichwa mapajani akimwambia, "Tunafika, baba. Tunafika."

Alikufa kabla ya wiki kuisha. Ini lilikuwa limekwisha, daktari alisema. Mkewe naye alilazwa, akawa njano, akaanza kupona polepole. Alitolewa akiwa bado dhaifu ili amzike mumewe.

Kwenye mazishi tulisaidiana kama tulivyozoea. Niliweka viti, mama wa hoteli alipika. Alipika wali na maharagwe ya Matuu, chakula ambacho hakikuhusiana kabisa na stoo ile. Watu walikuja, waliimba, waliomba, lakini chakula kilipopakuliwa walianza kuaga mmoja mmoja. Mwingine alikuwa na ng'ombe wa kukamuliwa, mwingine alisema amefunga. Masufuria yalibaki yamejaa. Mama wa hoteli alikaa kando ya moto akachukua sahani, akala peke yake mbele ya wote waliobaki, machozi yakimtoka. Nilichukua yangu nikakaa karibu naye. Mjane alitutazama kutoka kwenye kiti chake.

Nami wateja walinikimbia. Ilisemekana mashine yangu ndiyo iliyosaga yale mahindi. Nilieleza mara nyingi kwamba sikusaga hata gorogoro moja, lakini anayeeleza sana huonekana ana jambo. Niliisafisha, nikaifungua jiwe kwa jiwe mbele ya mlango kila mtu aone, na bado walipita na magunia yao kuvuka barabara. Hoteli nayo ilipoteza madereva. Wanaambiana barabarani, na mwenye lori hana sababu ya kujaribu bahati mahali pamoja ilhali Mwingi iko mbele. Zile biashara tatu ambazo watu walikuwa wakizitaja kwa pumzi moja waliendelea kuzitaja hivyo hivyo, ila sasa kwa kuonyana.

Maafisa wa afya walikuja, wakachukua mahindi kidogo kwenye mfuko, wakafunga stoo kwa kufuli. Majibu yaliporudi walisema yaharibiwe, wakaonyesha namna ya kuyafukia, wakaahidi kuleta gari na watu. Gari halikuja. Kufuli lilikaa hapo, na nyuma yake magunia.

Siku moja mwanamume mgeni alikuja na lori dogo. Nilikuwa mlangoni. Alimkuta mjane kwenye benchi nje ya stoo, mahali alipozoea kukaa ingawa hakuwa na la kuuza. Aliongea naye kwa upole. Alisema yeye hana haja ya kula yale mahindi, ni ya kulisha nguruwe na kutengenezea pombe, na moto wa pombe huua kila kitu. Kufuli si neno, nyuma kuna mabati yanayofunguka. Alitaja bei. Haikuwa mbaya.

Jirani yangu alimsikiliza hadi mwisho. Ningeweza kusema kitu, lakini kuna wakati neno la mtu mwingine ni kumvunjia mtu heshima, na mimi kwake nilikuwa nimekwisha kusema yote. Binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Shamba lilikuwa limekwenda. Alitazama kiganja chake kana kwamba kuna maandishi hapo.

"Hiyo pombe," alimuuliza, "unauzia wapi?"

"Huko huko vijijini, mama. Mbali."

"Wanaume wa huko wako na mabibi?"

Mgeni alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alipanda lori lake, akasema atapita tena baada ya siku mbili tatu, afikirie.

Mjane alikuja kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga mlango wangu tangu ile sahani.

"Fundi, uko na jembe?"

"Niko nalo."

"Akirudi nitamkubalia. Najijua. Kwa hivyo tufanye leo."

Tulimwita mama wa hoteli, tukampigia chifu simu ili asije akasikia kwa watu. Alisema tuendelee, atamtuma mtu afungue kufuli, na akamtuma. Tulichimba nyuma ya uwanja, mbali na kisima. Ardhi ya kwetu ni ngumu, na jirani yangu hakuwa na nguvu, alichimba kidogo akakaa, akachimba tena. Hakukubali kuachia jembe. Tulimwaga gunia baada ya gunia, tukachanganya na chokaa na majivu asije mtu akafukua. Vumbi la kijani lilipanda, tulijifunga leso puani. Kuna gunia moja ambalo lilikuwa zuri kwa macho, punje nyeupe, kubwa, zinazong'aa. Mjane alilishika mdomo, hakulimimina.

"Hili alilibeba yeye mwenyewe," alisema. "Alisema ni la mbegu."

Mama wa hoteli alishika upande wa pili wa gunia. Hawakuvutana. Walisimama tu hivyo, kila mmoja ameshika upande wake, hadi mjane akainua mikono na mahindi yakashuka yote kwa mara moja.

Tulipofukia, hakuna aliyejua la kufanya. Kule kwetu mtu akizikwa kuna maombi, kuna chai. Tulinawa mikono kwa maji ya kisima, tukaaga.

Mama wa hoteli alihamia Matuu kabla ya mwaka kwisha. Anapika huko, hoteli ndogo kuliko ile, na husema anaendelea vizuri nikimpigia. Siamini sana. Stoo sasa ni ya kijana anayeuza simu na chaji. Mashine ya kukoboa niliiuza kama chuma chakavu. Ile ya kusaga bado ninayo, na wateja wamerudi kiasi, wengi wao wageni wasiojua habari zile.

Jirani yangu analima mboga kwenye shamba la kukodi karibu na mto Tana, na hupita hapa siku za soko na kikapu chake. Tunasalimiana. Ananiuliza mashine inaendaje, namuuliza mboga zinaendaje. Wiki iliyopita niliuliza ikiwa binti amepata shule. Alisema bado, akaweka kikapu kichwani, akaendelea na safari yake. Mteja alikuwa akinisubiri, nikawasha mota.